Barabara ya Wote Isijengwe kwa Shamba la Mmoja

Ipo hoja inayosikika mara kwa mara katika semina, katika vikao vya mipango na katika maandishi ya wataalamu wetu wa uchumi. Hoja yenyewe ni hii: nchi yetu ina ardhi nyingi na fedha kidogo; barabara kuu za lami ni ghali; basi ardhi na ilipe gharama ya barabara. Eneo la kando ya barabara lipimwe, ligeuzwe viwanja vya biashara, viwanda na makazi, liuzwe au likabidhiwe kwa mwekezaji, na fedha itakayopatikana ijenge lami. Kwa maneno mafupi, barabara ijilipie yenyewe.

Hoja hii ni tamu masikioni, wala si uongo mtupu. Ni kweli kabisa kwamba barabara inapofika mahali thamani ya ardhi hupanda. Ni kweli pia kwamba ongezeko hilo la thamani kwa kawaida huwaendea watu binafsi wasiolitolea jasho hata tone, hali Serikali iliyolipa mkandarasi huambulia mikono mitupu. Lakini ndani ya hoja hii limefichwa swali ambalo wengi wa wasemaji wake hawapendi kuliuliza, nalo ndilo swali lenyewe: ni nani atakayetoa ardhi, na ni nani atakayechukua thamani yake? Swali hilo lisipojibiwa kwanza, mpango mzima utakuwa ni njia nyingine tu ya kumnyang'anya mnyonge kwa lugha ya kitaalamu.

Tuchukue mfano wa Masumbwe. Mji huu uko kando ya barabara kuu itokayo Isaka na Kahama, inayopita Ushirombo, Runzewe na Lusahunga hadi Rusumo kwenye mpaka wa Rwanda. Mwaka 2012, ulipoundwa Mkoa wa Geita, Masumbwe iliyokuwa katika Wilaya ya Bukombe, mkoani Shinyanga, iliingizwa katika Wilaya mpya ya Mbogwe. Mbele yake na nyuma yake ni nchi ya dhahabu: Geita upande mmoja, Bulyanhulu na Buzwagi upande mwingine, na katikati yake wachimbaji wadogo wasiohesabika. Lakini chini ya dhahabu hiyo na juu yake wapo wakulima wa mpunga, pamba, mahindi na mihogo, na wapo wafugaji. Malori yaendayo Rwanda, Burundi na Kongo hupita hapo mchana na usiku.

Watu wa Masumbwe hawahitaji kufundishwa faida ya njia. Wasumbwa na jirani zao Wanyamwezi walikuwa wasafiri wa misafara kabla mkoloni hajaikanyaga ardhi hii. Msiri, aliyesimamisha utawala wake Katanga katika karne ya 19 na kuuawa mwaka 1891, alitokana na wafanyabiashara wa nchi hizi. Kwa hiyo asitokee mtu akadai kwamba mkulima anayeuliza habari ya shamba lake anapinga maendeleo. Mkulima anaitaka barabara kuliko mtu yeyote, maana ndiye ambaye mpunga wake hununuliwa kwa bei ya kutupa wakati wa masika, kwa sababu gari haliwezi kufika ghalani. Anachouliza ni kama barabara itakapofika atakuwapo bado.

Thamani hutoka wapi?

Kipande cha ardhi hakipandi thamani kwa kuwa mwenyewe amelala usingizi mwema juu yake. Kinapanda kwa sababu Serikali imejenga barabara, imeleta umeme na maji, imejenga shule na zahanati, na watu wengine wamehamia jirani. Thamani hiyo ni kazi ya jamii nzima. Mwalimu Nyerere alilieleza jambo hili mapema, mwaka 1958, katika kijitabu chake Mali ya Taifa, alipopinga mpango wa mkoloni wa kuigeuza ardhi kuwa mali ya kuuzwa na kununuliwa kama shati. Alitambua kwamba katika nchi ambamo wachache wana fedha na wengi hawana, soko huria la ardhi lingewafanya wengi kuwa wapangaji katika nchi yao wenyewe. Ndiyo maana mwaka 1963, mara tu baada ya uhuru, umilikaji wa ardhi wa milele uliondolewa, na hadi leo sheria inasema kwamba ardhi yote ya Tanzania ni mali ya umma, nayo imewekwa mikononi mwa Rais kama mdhamini kwa niaba ya wananchi wote.

Kutokana na msingi huo twaweza kusema bila kigugumizi kwamba umma una haki ya kudai sehemu ya thamani iliyoumbwa na umma. Katika hilo hatugombani na wataalamu. Tunagombana nao wanapogeuza maneno. Kudai sehemu ya ongezeko la thamani kwa yule aliyelipata ni haki. Kumwondoa mkulima kwa bei ya shamba, kisha kuuza shamba lile lile kwa bei ya mjini na kuiita tofauti hiyo "mapato ya mradi", ni unyonyaji. Katika njia ya kwanza barabara hulipiwa na mwenye kunufaika. Katika njia ya pili hulipiwa na mwenye kuhamishwa. Njia hizi mbili zinaitwa kwa jina moja katika semina, na hapo ndipo hila ilipo.

Hesabu

Kabla ya kuendelea, tufanye hesabu ndogo ya mfano ambayo mwalimu yeyote wa darasa la saba aweza kuisahihisha. Tuseme kilometa moja ya lami ya barabara kuu inagharimu shilingi bilioni mbili. Tuchukue ukanda wa meta 500 kila upande wa barabara. Kwa kila kilometa tunapata hekta 100. Tuondoe asilimia 40 kwa ajili ya mitaa, shule, soko na viwanja vya wazi. Zinabaki hekta 60. Tukizikata viwanja vya meta za mraba 600 tunapata viwanja 1,000. Kila kiwanja kikiuzwa shilingi milioni mbili, tumepata bilioni mbili, na lami imelipwa. Mtaalamu hapo hupiga makofi.

Asipige makofi upesi. Katika hesabu hiyo hatujalipa fidia hata senti moja, hatujamlipa mpima, hatujafungua mtaa wala kuvuta bomba. Pia tumedhani kwamba wanunuzi wapo. Barabara ya kilometa 50 ingehitaji kuuza viwanja 50,000. Nani atavinunua vyote hivyo kati ya kijiji na kijiji? Mradi maarufu wa Viwanja 20,000 ulioanza Dar es Salaam mwaka 2002, katika jiji ambalo sensa ya mwaka huo ililikuta na watu wapatao milioni mbili na nusu, ulitoa viwanja vilivyozidi kidogo 30,000, na hata hivyo vingi vilikaa miaka mingi bila kujengwa. Ikiwa Dar es Salaam nzima ilivimeza viwanja hivyo kwa shida, ukanda wa wakulima wa pamba hauwezi kumeza zaidi ya hivyo.

Kwa hiyo hesabu yenyewe inatufundisha mipaka ya mpango huu. Ardhi yaweza kusaidia kulipia mitaa ya mji, stendi, soko, mifereji na kipande cha barabara kinachopita katikati ya mji. Haiwezi kulipia barabara kuu inayopita mikoa. Barabara kuu itaendelea kulipiwa na kodi ya taifa zima, kwa kuwa ni barabara ya taifa zima. Anayeahidi vinginevyo, ama hajui hesabu, ama anajua lakini anaitaka ardhi kwa sababu nyingine.

Tukumbuke pia kwamba mwananchi amekwisha kulipa. Mfuko wa Barabara, ulioanza kazi katika sura yake ya sasa mwaka 2000, hupata sehemu kubwa ya fedha zake kutokana na tozo ya mafuta. Mwaka 2021 iliongezwa tozo ya shilingi 100 kwa kila lita kwa ajili ya barabara za vijijini na mijini zinazosimamiwa na TARURA. Tozo hiyo haimlipishi mwenye gari peke yake. Imo katika nauli ya basi, imo katika bei ya kusaga mahindi kwa mashine ya dizeli, imo katika bei ya sabuni inayoletwa na lori kutoka Kahama. Mkulima wa Masumbwe ambaye hajamiliki hata baiskeli amekuwa akichangia lami siku zote. Kumwambia leo atoe na shamba ni kumtoza mara mbili.

Historia inasema nini

Mpango wa kuifanya ardhi ilipe njia si jambo jipya katika Afrika ya Mashariki. Waingereza walijenga reli kutoka Mombasa kuanzia mwaka 1896, ikafika Kisumu mwaka 1901, kwa gharama iliyozidi pauni milioni tano. Wakubwa wa London wakauliza: deni hili litalipwa na nini? Jibu la Kamishna wao wa wakati huo, Sir Charles Eliot, lilikuwa kwamba walowezi waletwe, wapewe ardhi kando ya reli, walime mazao ya kuuza nje, na reli ipate mizigo. Sheria ya ardhi ya mwaka 1902 ikafungua mlango. Mwaka 1904 Wamasai wakaondolewa katika Bonde la Ufa, Naivasha na Nakuru, wakasukumwa Laikipia. Mwaka 1911 wakaondolewa hata huko Laikipia. Sheria ya mwaka 1915 ikawapa walowezi hati za miaka 999. Njia ilijilipia, naam, lakini kwa ardhi ya wengine, na bei kamili ya reli hiyo ililipwa kwa damu nusu karne baadaye, vita vya Mau Mau vilipolipuka.

Marekani nako, kwa sheria ya mwaka 1862, makampuni ya reli yalipewa mapande ya ardhi kila upande wa njia ili yauze na kujenga. Vitabu vya wachumi husifu ubunifu wa sheria hiyo, lakini havina mengi ya kusema juu ya wenyeji waliokuwa wakiishi katika ardhi iliyogawiwa kana kwamba haina mtu.

Yupo atakayesema kwamba hayo ni mambo ya wakoloni na mabepari, na kwamba sisi ardhi yetu ni ya umma. Basi atazame Ethiopia. Huko ardhi ilitaifishwa mwaka 1975, na tangu mwaka 1993 miji imekuwa ikikodisha viwanja kwa muda maalumu na kutumia mapato hayo kujengea mitaa na barabara. Addis Ababa imejengwa sana kwa njia hiyo, nasi tuna mengi ya kujifunza kwao. Lakini kila mji ulipotanuka, mkulima wa pembezoni aliondolewa kwa fidia ya mavuno huku kiwanja chake kikikodishwa kwa bei ya jiji. Mpango wa kuupanua mji kuingia Oromia ulipotangazwa, machafuko yalizuka kuanzia mwaka 2014, watu wengi wakafa, na Januari 2016 mpango huo ukafutwa. Ardhi kuwa ya umma kwenye karatasi hakumlindi mkulima ikiwa mwenye kalamu ndiye peke yake anayeamua umma ni nani.

Yaliyotukuta nyumbani

Hapa kwetu pia tumekwisha kuonja. Mradi wa Viwanja 20,000 uliendeshwa kwa mkopo wa Hazina upatao shilingi bilioni 8.9, na mkopo huo ulirudishwa kutokana na mauzo ya viwanja. Kwa upande wa daftari ulikuwa mradi wa kupigiwa mfano, na ulionyesha kwamba Serikali yaweza kupima ardhi kwa wingi bila kumpigia magoti mfadhili. Lakini waulizwe wenyeji wa asili wa Buyuni, Mwanagati na Toangoma. Wengi walilipwa fidia ambayo haikutosha kununua hata kiwanja kimoja katika mashamba waliyoyazaliwa ndani yake. Walisogea mbele zaidi, wakafungua mapori mengine, wakisubiri mji uwafuate tena. Na hao walionunua mara nyingi hawakujenga; waliweka mawe ya mipaka, wakakaa wakingoja bei ipande.

Mwaka 2008 ulitangazwa Mji Mpya wa Kigamboni. Wananchi wakazuiwa kuendeleza maeneo yao. Asiweze mtu kuongeza chumba wala kuomba mkopo kwa dhamana ya nyumba yake. Miaka ikapita. Wakala ukaundwa, na mwaka 2017 Serikali ikauvunja. Nani aliyewalipa wananchi wale miaka waliyokaa mguu mmoja ndani, mguu mmoja nje? Hicho nacho ni gharama, ila hakiandikwi katika hesabu za mradi wowote.

Na katika barabara zenyewe tunayo habari ya alama ya X. Sheria ya mkoloni ya mwaka 1932 iliweka hifadhi ya meta 22.5 kila upande kwa barabara kuu nyingi. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ikaisogeza hadi meta 30. Katika Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara, hifadhi ilihesabiwa hadi meta 121.5 kutoka katikati ya barabara, na mwaka 2017 zaidi ya nyumba elfu moja zilibomolewa bila fidia. Sheria ilifuatwa, hilo halibishaniwi. Lakini katika nyumba hizo zilikuwamo zilizounganishiwa umeme na maji na mashirika ya umma, na zilizolipiwa kodi ya jengo mwaka hata mwaka. Dola ilimpokea mwananchi kama mlipaji kwa mkono mmoja, ikamkana kama mvamizi kwa mkono wa pili. Hilo ndilo somo ambalo wilaya zinazokua kama Mbogwe hazina budi kulizingatia mapema, kabla mji haujalivamia eneo la barabara na kabla tingatinga halijaletwa.

Wajuao ramani

Sasa tufike mahali panapouma, maana gazeti hili husomwa na watumishi wa umma na walimu, na si vema kuwasema wasiokuwapo tukawaacha waliopo.

Barabara inapopangwa, mkulima huwa wa mwisho kujua. Wa kwanza kujua ni mchora ramani, ofisa mipango, mhandisi, mthamini, diwani, na marafiki wa hao wote. Katika kipindi kilichopo kati ya ramani kuchorwa na tangazo kubandikwa kwenye ubao wa kijiji, ardhi hununuliwa kimya kimya. Dalali hufika kwa mzee aliye na mgonjwa nyumbani au mtoto aliyechaguliwa sekondari, akamwekea noti mkononi, na karatasi ya mauziano ikaandikwa mbele ya mwenyekiti wa kitongoji. Siku ya uthamini inapofika, anayelipwa fidia si mzee yule. Siku ya viwanja kugawiwa, majina yaliyo juu ya orodha ni ya watu wasiopata kuishika pembe ya jembe katika kijiji kile.

Huo si ujanja wa biashara. Ni wizi wa habari za umma. Mtumishi anayelipwa mshahara na wananchi ili awapangie mji, kisha akautumia mpango huo kuwanunua kabla hawajaamka, hana tofauti na mtunza ghala anayeiba mbegu. Mwalimu hachori ramani, lakini mara nyingi ndiye anayeombwa kuandika hati ya mauziano au kuisoma barua ya mthamini. Akiisoma nusu, au akijiingiza katika ununuzi wenyewe, kijiji kinakuwa hakina mtu. Akiisoma yote na kumweleza mwenye shamba kwamba Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inampa haki ya fidia kamili, ya haki na inayolipwa kwa wakati, pamoja na usumbufu, usafiri na malazi, na kwamba fidia ikicheleweshwa inapaswa kulipwa na riba, atakuwa ameifanya kazi kubwa kuliko semina kumi.

Ilani hiyo inahusu pia kijiji chenyewe. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka huo huo 1999, ardhi ya kijiji husimamiwa na Halmashauri ya Kijiji kwa niaba ya wanakijiji, na Mkutano Mkuu wa Kijiji una sauti katika kuigawa. Lakini kijiji kinapogeuzwa mji, mamlaka hayo hutoweka na ardhi huingia katika ardhi ya jumla. Mabadiliko hayo hufanyika hasa pale thamani inapoanza kupanda. Maana yake ni kwamba mwananchi hupoteza kiti chake mezani siku ile ile chakula kinapoletwa. Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Katika ardhi ya kando ya barabara imekuwa mgeni njoo, mwenyeji ahame.

Njia ya haki

Si desturi njema kulaumu bila kupendekeza. Tunasema kwamba ardhi yaweza kuchangia barabara kwa haki, nasi twaonyesha njia.

Kwanza, aanze kulipa aliyebaki na kunufaika. Leo kodi ya majengo hukatwa katika umeme wa LUKU tangu mwaka 2021. Kwa nyumba ya kawaida ilikuwa shilingi 12,000 kwa mwaka, ikapandishwa kuwa 18,000 mwaka 2023. Ni njia rahisi ya kukusanya, lakini haina macho. Nyumba ya kawaida iliyoko kwenye kona ya barabara kuu, yenye fremu sita za maduka, hutozwa sawa na nyumba ya kawaida iliyoko nyuma ya mlima. Na kiwanja kitupu kinachongojewa kipande bei hakina mita ya umeme, kwa hiyo hakikatwi chochote kwa njia hiyo. Tozo inayopima ardhi kwa mahali ilipo, na inayombana zaidi mwenye kukaa na kiwanja bila kukiendeleza, ingekusanya fedha ya mitaa mwaka hata mwaka bila kumhamisha mtu yeyote.

Pili, badala ya kuwahamisha wenyeji, tugawane nao. Japani, chini ya sheria ya mwaka 1954, miji mingi imepangwa upya kwa utaratibu huu: wenye ardhi wa eneo zima hukutanisha mashamba yao, kila mmoja akatoa sehemu, sehemu iliyotolewa ikawa mitaa na viwanja vya umma, na vipande vichache vikauzwa kulipia ujenzi, kisha kila mmoja akarudishiwa kiwanja kidogo kuliko shamba lake la awali lakini chenye thamani kubwa zaidi. Hakuna anayefukuzwa. Mkulima wa Masumbwe mwenye ekari tano karibu na mji akitoa mbili kwa ajili ya mitaa na gharama, akabaki na tatu zilizopimwa na zenye hati, huyo ni mbia wa barabara. Utaratibu huu haukiuki mila zetu. Ni ujirani tu uliowekewa vipimo.

Tatu, ianze ardhi ambayo umma unayo tayari. Mgodi wa Buzwagi, jirani na Kahama, ulioanza uzalishaji mwaka 2009, ulipofika ukomo wake eneo lake lilitengwa kuwa eneo maalumu la kiuchumi. Hapo hakuna shamba la kuvunja. Ikiwa viwanda na maghala yatajengwa huko, kodi ya pango na ada za ardhi hiyo zionyeshwe waziwazi zinakokwenda, na sehemu ijenge barabara za eneo hilo hilo. Kabla ya kumnyooshea kidole mkulima mwenye ekari tano, tuonyeshe kwanza tulivyoitumia ardhi ambayo haina mgogoro.

Nne, siku ya kupitisha njia ya barabara ndiyo iwe siku ya kutangaza. Ramani ibandikwe kijijini, thamani ya ardhi ya siku hiyo iandikwe, na uuzaji wowote uliofanyika katika miezi ya karibu uchunguzwe. Mtumishi aliyehusika na mpango asiruhusiwe kununua ndani ya ukanda wake, yeye wala mkewe wala mumewe. Lakini zuio la kuendeleza maeneo liwe na mwisho unaojulikana. Likipita bila fidia kulipwa, life lenyewe.

Tano, fedha ya viwanja iwe na akaunti yake na isomwe hadharani. Mwaka wa fedha 2021/22 Serikali ilitoa mikopo isiyo na riba kwa halmashauri ili zipange, zipime na kumilikisha ardhi. Ulikuwa uamuzi mzuri. Lakini mwananchi aliyenunua kiwanja anayo haki ya kujua kama fedha yake ilifungua mtaa au ilinunua posho. Mali bila daftari huisha bila habari.

Yapo majibu tunayoyatazamia. Watasema kwamba masharti haya yatachelewesha maendeleo. Kigamboni haikucheleweshwa na masharti ya haki. Ilicheleweshwa na kukosekana kwake. Watasema mwekezaji atakimbilia nchi jirani. Mwekezaji wa kweli huogopa ardhi yenye mgogoro kuliko ardhi yenye masharti. Watasema mkulima mwenyewe anataka kuuza. Huenda anataka, basi auze akijua kinachokuja, kwa bei ya kinachokuja, si kwa bei ya giza alilowekwa ndani yake kwa makusudi.

Ukanda huu wa dhahabu umekwisha kuona mengi. Mgodi wa Geita wa enzi za ukoloni ulifungwa mwaka 1966, ukaacha mashimo. Mwaka 1996 wachimbaji wadogo waliondolewa Bulyanhulu ili kuipisha kampuni. Migodi mikubwa ikafunguliwa, Geita mwaka 2000 na Bulyanhulu mwaka 2001, na ikachukua miaka mingi, hadi sheria za mwaka 2017, taifa kuanza kudai fungu lake kwa sauti ya kusikika. Tulichelewa kuuliza dhahabu ni ya nani. Tusichelewe kuuliza hivyo hivyo juu ya ardhi, kwa kuwa dhahabu huisha na mgodi hufungwa, lakini atakayeshika ardhi ya kando ya barabara leo ataishika yeye na wajukuu zake.

Barabara na ijengwe, na ijengwe upesi. Kila mwenye kunufaika nayo na alipe, na mwenye kunufaika zaidi alipe zaidi. Mtu mmoja tu asilipishwe: yule ambaye, siku ya kuifungua, hatakuwa na mahali pa kusimama kuitazama.